Denis Law au Kenny Dalglish: wafalme wawili wa Uskoti, uanze na yupi?

Ukifungua orodha ya wafungaji wa timu ya taifa ya Uskoti, kileleni utakuta majina mawili yamekalia kiti kimoja. Denis Law, magoli 30. Kenny Dalglish, magoli 30. Wa kwanza mashabiki wa Manchester United walimwita Mfalme. Wa pili mashabiki wa Liverpool wanamwita Mfalme Kenny mpaka leo. Kwetu, ambako wikiendi kibanda umiza hugawanyika jezi nyekundu za huku na jezi nyekundu za kule, swali la nani zaidi kati ya hao wawili huishia kwenye ushabiki wa klabu, na wengi wanaobishana hawajawahi kuwaona wakicheza hata kwa dakika kumi.

Mpwa wangu anacheza mshambuliaji wa kati kwenye timu ya mtaa. Juzi aliniambia, "Mjomba, nimechoka kuangalia wa sasa tu. Nipe mmoja wa zamani nimfuatilie mwanzo mpaka mwisho." Nikamtajia hawa wawili, akataka nimchagulie. Sikumjibu palepale, kwa sababu nilijua jibu la haraka lingekuwa la ushabiki. Nimekaa nalo siku kadhaa, na hili ndilo jibu lenyewe, kwa faida yake na ya mwingine yeyote anayetaka kujua aanze na yupi.

Mmoja alilipuka, mwingine aliiva polepole

Law alizaliwa Aberdeen, mji wa bahari kaskazini-mashariki mwa Uskoti, tarehe 24 Februari 1940, kitinda mimba katika nyumba ya watoto saba. Baba yake alikuwa mvuvi. Mtoto mwenyewe alikuwa mwembamba, mvaa miwani, tena ana makengeza. Uwanjani alizoea kucheza jicho moja kalifumba. Mwaka 1955 alipopelekwa Huddersfield Town kaskazini mwa Uingereza, kocha Andy Beattie hakuamini kwamba huyo ndiye kipaji aliyeletewa. Klabu ikamchukua hata hivyo, makengeza yakafanyiwa upasuaji, na tarehe 24 Desemba 1956 akaingizwa kikosi cha kwanza akiwa na miaka 16. Kocha mkuu wakati huo alikuwa Bill Shankly. Mashabiki wa Liverpool wakumbuke hilo: mtu aliyekuja kuijenga klabu yao ndiye aliyemlea mfalme wa Old Trafford, uwanja wa Manchester United.

Kutoka hapo Law hakusubiri foleni. Oktoba 1958 alivaa jezi ya taifa dhidi ya Wales akiwa na miaka 18, akafunga. Machi 1960 Manchester City wakamnunua kwa pauni 55,000, rekodi ya Uingereza. Mwaka 1961 Torino ya Italia wakamchukua kwa pauni 110,000. Mwaka uliofuata kocha Matt Busby akamrudisha Manchester, safari hii upande wa United, kwa pauni 115,000. Ana miaka 22, na tayari rekodi ya usajili imevunjwa mara tatu kwa jina lake.

Dalglish ni hadithi ya mwendo mwingine. Alizaliwa Glasgow tarehe 4 Machi 1951, na utotoni alikuwa shabiki wa Rangers, na ujanani akaishi jirani na uwanja wao wa Ibrox. Kisha mwaka 1967 akaja Sean Fallon, msaidizi wa kocha Jock Stein, kumsajili kwa ajili ya Celtic, mahasimu wa Rangers. Kijana alipojua nani yuko mlangoni alikimbilia chumbani kubandua picha za wachezaji wa Rangers ukutani. Anayeijua Glasgow anajua uzito wa jambo hilo. Kwetu ni kama mtoto wa nyumba ya Yanga kupigiwa hodi na kiongozi wa Simba.

Alipofika Celtic hakutupwa kwenye moto. Klabu ndiyo kwanza ilikuwa imetwaa Kombe la Ulaya la klabu (leo Ligi ya Mabingwa) kule Lisbon, kikosi kimejaa. Wakamkopesha kwa Cumbernauld United, timu ndogo, huku akijifunza useremala. Mechi yake ya kwanza ya kikosi kikubwa ilikuwa Septemba 1968, lakini ilimchukua karibu miaka mitatu zaidi kupata namba ya kudumu. Alipoipata, hakuiachia. Alifunga magoli 167 akiwa Celtic, akabeba ubingwa wa ligi mara nne na Kombe la Uskoti mara nne, na Agosti 1977 Liverpool wakamlipia pauni 440,000 azibe pengo la Kevin Keegan aliyekwenda Hamburg. Klabu mbili tu katika maisha yake yote ya uchezaji.

Kwa kijana wa miaka 16 anayekaa benchi, maisha ya Dalglish yana la kumwambia. Maisha ya Law yanaweza kumvunja moyo, maana si wengi wanaofungua milango kwa kasi ile.

Namna walivyofunga

Hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi, kwa sababu magoli 30 na 30 yanadanganya.

Law aliyapata yake katika mechi 55. Dalglish alihitaji 102. Hesabu ni rahisi: Law goli moja na ushee kila mechi mbili, Dalglish pungufu ya goli moja kila mechi tatu. Mara mbili Law aliifungia Uskoti magoli manne katika mechi moja, dhidi ya Ireland Kaskazini mwaka 1962 na dhidi ya Norway mwaka 1963. Msimu wa 1963-64 aliifungia United magoli 46 katika mashindano yote, na hakuna mchezaji wa United aliyewahi kuifikia namba hiyo ndani ya msimu mmoja, si Ronaldo, si Rooney, si van Nistelrooy. Mwaka 1964 akapewa Mpira wa Dhahabu (Ballon d'Or), tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya. Mskoti mwingine hajawahi kuupata. Dalglish aliukaribia mwaka 1983, akashika nafasi ya pili nyuma ya Michel Platini.

Kama swali lako ni nani alikuwa mfungaji mkubwa zaidi, basi funga mjadala, ni Law.

Umtazame namna anavyoruka. Hakuwa mrefu, lakini krosi ilipokuja alikuwa tayari hewani kabla beki hajaamua, na alikaa kule juu kana kwamba kuna kitu kimemshikilia. Ndani ya boksi alikuwa wembe: mpira ulioponyoka mikono ya kipa kwa nukta moja tu, yeye keshaugusa. Alipenda tikitaka. Alicheza na mikono mirefu ya jezi, ncha zake kazikamata kwa vidole, na akifunga mkono mmoja ulikwenda juu, kidole kimesimama, ncha ya mkono wa jezi imebanwa kiganjani. Watoto wa Manchester wa miaka ile waliivuta mikono ya jezi zao vilevile.

Kuna mechi moja inayomweleza vizuri kuliko kombe lolote. Tarehe 28 Januari 1961, City walicheza na Luton Town kwenye Kombe la FA. Luton wakatangulia magoli mawili. Law akafunga sita, peke yake, City wakawa mbele 6-2. Mvua ikazidi, uwanja ukawa tope tupu, na dakika ya 69 mwamuzi akaivunja mechi. Yote yakafutwa. Ikarudiwa, City wakafungwa 3-1, na hilo moja la City alifunga Law. Magoli saba katika raundi moja ya kombe, na timu yake imetolewa. Ndivyo maisha yake yalivyokuwa mara nyingi: yeye katimiza, kilichobaki kimekwenda na maji.

Dalglish umtazame kwa jicho jingine. Ukimfuata ukisubiri mbio utachoka, hakuwa na kasi ya kutisha. Tazama mgongo wake. Anapokea mpira akiwa ameupa lango mgongo, makalio yamemsukuma beki nyuma nusu hatua, miguu imetanuka, na beki haoni mpira. Kabla hajaupokea keshatupa jicho mara mbili, kwa hiyo anajua nani yuko wapi. Kisha ama anageuka upande ambao beki hakuutarajia, ama anaachia pasi inayomkuta mwenzake kwenye mbio. Ian Rush, straika mwenzake wa Liverpool, alifunga magoli mengi mno kwa kukimbilia nafasi ambazo Dalglish alikuwa ameziona kabla yake.

Goli lake la kuangalia ni lile la fainali ya Kombe la Ulaya, Wembley, tarehe 10 Mei 1978, Liverpool na Club Brugge. Brugge walikuja kulinda tu, mechi nzito, hakuna upenyo. Graeme Souness akapenyeza mpira katikati ya mabeki, Dalglish akaingia kutokea kulia. Kipa Birger Jensen akatoka. Straika wengi wangepiga hapohapo. Dalglish alisubiri, akampa kipa nafasi ya kulala chini kwanza, ndipo akauinua mpira juu yake, laini, ukaingia upande wa pili. Akaruka mabango ya matangazo nyuma ya lango, mikono yote miwili juu, uso umejaa kicheko. Bao 1-0, kombe limepatikana. Ile subira ya sekunde moja ni somo ambalo mimi ningemlipia mwalimu amfundishe mpwa wangu.

Kuna moja la kuchekesha kidogo, na Waskoti hawalisahau. Mei 1976 kwenye uwanja wa Hampden, Uskoti na Uingereza ziko 1-1, Dalglish akapiga shuti ambalo halikuwa kali hata kidogo, likapita katikati ya miguu ya Ray Clemence, kipa wa Liverpool. Tobo. Uskoti wakashinda 2-1. Mwaka mmoja baadaye alihamia Liverpool, akawa anabadilisha nguo chumba kimoja na Clemence.

Law naye ana deni lake kwa Waingereza. Siku Uingereza ilipotwaa Kombe la Dunia mwaka 1966 alikataa kuangalia, akaenda kucheza gofu, na akashindwa hata huko. Tarehe 15 Aprili 1967 akaenda nao Wembley, mabingwa wa dunia ambao hawajafungwa katika mechi 19, akafungua mlango wa magoli, na Uskoti wakaondoka na ushindi wa 3-2.

Makabati ya vikombe, na vilivyokosekana

Kwa vikombe hakuna ushindani. Law ana ubingwa wa ligi wa 1965 na 1967, na Kombe la FA la 1963 ambalo alifunga goli la kwanza kwenye fainali dhidi ya Leicester. Dalglish, ukiacha aliyobeba Celtic, ana ubingwa wa Uingereza mara sita akiwa mchezaji na Kombe la Ulaya mara tatu: 1978, 1981 na 1984. Misimu yake mitatu ya kwanza Liverpool hakukosa mechi hata moja ya ligi. Goti la Law halikumruhusu maisha ya namna hiyo, na hasira zake pia zilimgharimu. Alikuwa mtu wa kujibu akipigwa, na zaidi ya mara moja alifungiwa siku 28.

Goti hilo ndilo lililomnyima kubwa kuliko yote. Tarehe 29 Mei 1968 United walitwaa Kombe la Ulaya Wembley, Bobby Charlton na George Best wakiwa mashujaa. Law alikuwa hospitalini, ametoka kufanyiwa upasuaji, anaangalia kwenye televisheni. Leo sanamu ya hao watatu pamoja imesimama nje ya Old Trafford, naye yumo katikati kwa haki kabisa, lakini usiku ule hakuwepo.

Halafu kuna tarehe 27 Aprili 1974. United walikuwa wamemwachia aondoke bure mwaka uliotangulia, akarudi City. Ratiba ikawakutanisha Old Trafford, United wakiwa kwenye hatari ya kushuka daraja. Zimebaki dakika chache, mpira wa Francis Lee ukamkuta Law lango liko nyuma yake, akaugusa kwa kisigino. Goli. Wenzake wakamrukia, yeye akatembea taratibu, uso umemshuka, kama mtu aliyepokea habari ya msiba. Akatolewa mara moja, mashabiki wakavamia uwanja. Wengi bado wanasema Law ndiye aliyeishusha United. Si kweli: matokeo ya viwanja vingine siku ile yalikuwa yanawashusha hata kama asingefunga. Lakini ule ukawa mguso wake wa mwisho kwenye mechi ya ligi, na mtu yeyote aliyewahi kuipenda timu akaiona picha ile ataelewa.

Majeraha ya Dalglish hayakuwa ya goti. Mwaka 1985, baada ya mashabiki kufa kwenye uwanja wa Heysel kule Ubelgiji, alipewa kuifundisha Liverpool akiwa bado anacheza, na msimu wake wa kwanza kama kocha mchezaji akatwaa ligi na Kombe la FA pamoja. Ubingwa wenyewe aliupata kwa goli lake kule Chelsea, akiutuliza mpira kifuani na kuumalizia kabla haujatua. Kisha yakaja maafa ya uwanja wa Hillsborough, tarehe 15 Aprili 1989, ambapo mashabiki 97 wa Liverpool walipoteza maisha. Dalglish alikwenda mazikoni kwa wafiwa, siku moja alihudhuria mazishi manne. Februari 1991, baada ya sare ya 4-4 na Everton, akajiuzulu. Mzigo ulikuwa umemwelemea. Kwamba baadaye alirudi kazini na kuipa Blackburn Rovers ubingwa mwaka 1995 ni jambo kubwa, lakini Liverpool hawampendi kwa ajili ya vikombe peke yake. Wanampenda kwa sababu siku ile ya msiba hakuwakimbia.

Law hakuwahi kuwa kocha. Alifanya uchambuzi redioni na kwenye televisheni, akaishi kwa heshima, akatangaza mwaka 2021 kwamba ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na akafariki tarehe 17 Januari 2025 akiwa na miaka 84.

Siku walipocheza pamoja, na Wakongo mbele yao

Hili nimelitunza makusudi, kwa sababu linatugusa. Uskoti walipofuzu Kombe la Dunia la 1974 kule Ujerumani Magharibi, Law alikuwa na miaka 34 na hajawahi kulicheza. Mechi ya kwanza, tarehe 14 Juni, Dortmund, walikutana na Zaire, yaani Kongo ya leo, timu ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kufika mashindano hayo. Langoni mwa Zaire alisimama Kazadi Mwamba, na mabeki wake mmoja alikuwa Mwepu Ilunga, wote wa klabu ya Lubumbashi ambayo leo tunaiita TP Mazembe. Wanaozungumza Kiswahili cha Katanga wana haki ya kusema kwamba watu wao walimzuia Denis Law asifunge goli la Kombe la Dunia, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Law na Dalglish walianza wote. Uskoti walishinda 2-0 kwa magoli ya Peter Lorimer na Joe Jordan, halafu kipindi cha pili wakapunguza kasi, wakaona yametosha. Hayakutosha. Walitoka sare na Brazil, wakatoka sare na Yugoslavia, na wakaaga mashindano bila kufungwa hata mechi moja, kwa sababu Brazil waliwafunga Zaire matatu na wao walifunga mawili. Law hakupangwa tena baada ya Dortmund. Hiyo ilikuwa mechi yake ya 55 na ya mwisho kwa taifa. Dalglish, mwenye miaka 23 wakati huo, alicheza zote tatu, akaenda Kombe la Dunia mara mbili zaidi, akawafunga Uholanzi mwaka 1978 na New Zealand mwaka 1982.

Basi, uanze na yupi?

Kama wewe ni mwepesi, unaruka, una njaa ya goli na damu yako inachemka haraka, anza na Law. Utajiona ndani yake, pamoja na hasara za hasira. Kama unataka kisa cha mtu kuliko orodha ya makombe, anza na Law pia. Hakuna maisha ya mshambuliaji wa Uskoti yenye machungu na uzuri uliochanganyika kama yale.

Kama huna kasi ya ajabu, unacheza ukiwa umelipa lango mgongo, au wewe ni mwalimu wa vijana unayetafuta kitu cha kuwaonyesha na wao wakakijaribu kesho asubuhi, chukua Dalglish. Mruko wa Law ni wa kuzaliwa nao. Ile kazi ya makalio, jicho la begani na subira mbele ya kipa vinafundishika. Picha za mechi zake nazo ni nyingi zaidi, na ukimmaliza kama mchezaji unamkuta tena kama kocha.

Mimi moyo wangu uko kwa Law, sifichi. Lakini mpwa wangu nimempa Dalglish, kwa sababu nimemwona akicheza: mzito kidogo, mwenye akili, anayepiga haraka mno akibaki na kipa. Nimemwambia aanzie mwishoni, usiku wa tarehe 14 Novemba 1984, Hampden, Uskoti na Hispania. Dalglish ana miaka 33. Anaupata mpira upande wa kulia wa boksi, anaingia ndani, anawapunguza Wahispania mmoja mmoja, kisha anauzungusha kwa mguu wa kushoto hadi pembe ya juu ya lango la kipa Arconada. Uskoti 3, Hispania 1. Lilikuwa goli lake la 30, lile lililomfikisha alipo Law. Aliendelea kuitwa hadi Novemba 1986 akilitafuta la 31, na halikuja.